Mahali Ukuta Unapoishia

Mtaa mzima ulimwita Mikono Miwili, na si kwamba wengine walikuwa na mmoja. Alikuwa fundi rangi, na kwa mafundi rangi, kupaka ukuta mara ya kwanza ni mkono wa kwanza, kurudia ni mkono wa pili. Wapo mafundi wanaopaka mkono mmoja mzito, wakakusanya vifaa vyao na kutokomea kabla rangi haijakauka, na mwenye nyumba anakuja kugundua baadaye, jua linapopiga ukuta kwa upande na plasta ikaanza kumchungulia. Yeye hakuwa wa aina hiyo. Hata mteja amwambie, "Fundi, inatosha jamani, imependeza, wageni wanakuja kesho," alikuwa anatikisa kichwa tu.

"Wageni watakuja, wataondoka. Wewe utabaki na ukuta. Mikono miwili."

Jina likamganda kama rangi ya mafuta kwenye kucha, naye akalipenda.

Wakati haya yanatokea alikuwa na miaka hamsini na minane, na thelathini na mitatu kati ya hiyo alikuwa ameipitisha juu ya ngazi. Mfupi, mkavu, anayetembea kidevu kikiwa juu kidogo kwa mazoea ya kutazama dari, na nguo zake hazikuachana na harufu ya mafuta ya taa anayosafishia brashi. Kwa macho yake, nyeupe haikuwa rangi moja. Alikuwa anaweza kukuonyesha nyeupe tatu kwenye ukuta mmoja na kukuambia ipi imetoka kwenye ndoo gani. Watu walimwita kuamua ugomvi: mume anataka hivi, mke anataka vile, basi aitwe Mikono Miwili aseme. Na akishasema, imekwisha.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule na mapazia, cherehani yake ikiwa chini ya dirisha la sebuleni, na kapu la vipande vya vitambaa miguuni pake. Kwa maneno, wawili hao walikuwa mbali kama mashariki na magharibi. Mume alikuwa mtu wa kusema jambo, kulirudia, kulizungusha na kulisema tena kwa mfano. Mke alikuwa analisema mara moja, kwa sauti ya kawaida, kisha analiacha palepale kama mtu aliyeweka ufunguo mezani. Ukiuona, uuchukue. Usipouona, shauri yako.

Nyumba yao waliijenga wenyewe, kidogo kidogo, vyumba vinne na jiko la nyuma. Jiko lilikuwa chini kuliko sebule, kwa hiyo mlangoni palikuwa na kidaraja kimoja cha kushuka, nacho kilipakwa rangi nyekundu tangu siku za mwanzo, sawa na sakafu nzima. Kuta zilikuwa za rangi ya maziwa, milango ya kahawia. Miaka kumi na minne fundi hakuzigusa. Alikuwa anapaka nyumba za watu, kwake anarudi kula na kulala, na mkewe alikuwa akiwatania wageni kwamba wamuonee huruma, ameolewa na fundi rangi ndiyo maana nyumba yake haina rangi.

Kisha likaingia wimbi la kijivu. Ghafla kila mtu akawa anataka kijivu. Wateja walikuwa wanamjia na picha kwenye simu: sebule ya kijivu, makochi ya kijivu, hata maua ya kijivu. Mikono Miwili naye hakuwa mtu wa kuachwa nyuma. Alichanganya kijivu chake mwenyewe, nyeupe ndoo nzima, nyeusi vijiko vichache, na kahawia kidogo tu, "ili kisiwe baridi kama sufuria tupu." Kijivu hicho kikampa jina. Alikipaka kwenye ofisi ya wakili, kwenye saluni, kwenye nyumba mpya zote za upande wa juu. Wateja wakaanza kuuliza: "Na kwako umepaka hiki hiki? Tunaweza kuja kuona?" Hapo ndipo aibu ilipomshika. Akaamua kwamba sasa ni zamu ya nyumba yake.

Ilikuwa asubuhi, wanakunywa chai, alipomwambia mkewe.

"Mama watoto, wiki ijayo napaka nyumba."

"Alhamdulillahi. Miaka kumi na minne."

"Usinichokoze. Napaka kijivu changu, ndani kote."

Mkewe akaweka kikombe chini. Alikiweka taratibu, akakigusa kwanza kisahani kwa kidole, jambo ambalo mume aliliona na hakuliona.

"Mimi nataka bluu," akasema.

"Bluu gani?"

"Iliyokoza. Kama ile ya sare. Na fremu za milango uzipake nyeupe. Na kile kidaraja cha jikoni usikiguse, kibaki chekundu."

Fundi akatabasamu. "Bluu ya sare! Tukae sebuleni kama tuko darasani, tunamsubiri mwalimu? Kwa nini lakini?"

"Nataka niwe naona ukuta unaishia wapi."

Alicheka mpaka chai ikampalia. Akajipiga kifua, akafuta macho, akacheka tena.

"Ukuta unaishia kwenye kona, mama watoto! Utaenda wapi kwingine?"

Alipotulia akaanza somo lake, lile analowapa wateja. Kwamba bluu iliyokoza inakula mwanga. Kwamba chumba kidogo ukikipaka rangi nzito kinakusonga. Kwamba kijivu kinatulia, hakichoshi macho, kinakubali kila pazia, na kwamba siku hizi watu wenye nyumba zao hawatofautishi tena ukuta na fremu, wanapaka vyote rangi moja ili jicho liteleze bila kukwama. Aliongea mpaka chai ikapoa. Mkewe alikuwa anakitazama kikombe.

"Haya," akasema mwishowe. "Wewe ndiye fundi."

Fundi akalichukua neno hilo kama ridhaa. Akaenda kukoroga rangi.

Ilimchukua siku sita. Alipiga msasa kuta zote, akaziba nyufa, akapaka mkono wa kwanza, akasubiri, akapaka wa pili. Akapaka fremu, milango, na mbao za chini ya ukuta. Alipofika kwenye sakafu akaona ile nyekundu inamharibia kazi, kwa hiyo akatafuta rangi ya sakafu, akaikoroga mpaka ikalandana na ukuta, ikiwa nzito kidogo tu. Kidaraja cha jikoni alikifikia siku ya mwisho, saa za alasiri. Alichuchumaa mbele yake na brashi mkononi. Alikumbuka alichoambiwa. Lakini jamani, kidaraja kimoja chekundu katikati ya nyumba yote ile! Kingekuwa kama kidonda. Akakipaka.

Na nyumba ilipendeza, hilo hakuna aliyebisha. Ukiingia mlangoni ni kama umeingia ndani ya wingu. Kuta, milango, sakafu, vyote vimeshikana. Wateja walianza kuja, wawili wawili, mume na mke, wanavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Naye akawa na kisa cha kuwachekesha.

"Mnajua mke wangu alitaka nini hapa? Bluu ya sare! Namuuliza kwa nini, ananiambia eti anataka aone ukuta unaishia wapi!"

Wateja wanaangua kicheko. Mkewe alikuwa palepale, kwenye cherehani yake chini ya dirisha, naye alikuwa anacheka kidogo, kichwa kikiwa kimeinamia kitambaa. Kisa hicho alikisimulia kwenye ofisi ya wakili. Alikisimulia saluni, juu ya ngazi, wanawake wakiwa wamekaa chini yake vichwa vikiwa na sabuni. Kila akikisimulia alikitia chumvi kidogo, na kila mara kilipendwa.

Baada ya miezi mitatu hivi akaanza kuona alama ukutani.

Jicho lake lisingeweza kuzikosa. Zilikuwa za vidole, kwenye usawa wa kiuno, nyepesi lakini nyingi, zimefuatana kama nyayo. Zilianza mlango wa chumbani, zikapita ukuta wa sebule wote, zikaishia kwenye fremu ya mlango wa jikoni, ambako zilirundikana hadi pakawa na kivuli. Aliwaza wajukuu, lakini wajukuu walikuwa hawajaja tangu likizo.

"Nani huyu anashikashika ukuta wangu?"

"Ni mimi," mkewe akajibu kutoka jikoni.

"Una nini? Mbona unatembea kwa kupapasa kama umeme umekatika?"

"Ndala zinateleza."

"Basi nunua ndala nyingine, mama watoto. Ukuta huu watu wanakuja kuutazama."

Akawa anazifuta kila Jumapili, kwa kitambaa chenye sabuni, taratibu, toka chumbani mpaka jikoni. Zilipozidi akachukua brashi ndogo akazipitia. Siku moja, akiwa amepiga magoti anafuta, mkewe alipita nyuma yake. Fundi aliona miguu yake ikipita pole pole, na alipoinua macho akaona mikono yake. Ilikuwa imefumbatwa mbele ya tumbo, vidole vimeshikana, kama ya mtoto aliyeambiwa asiguse kitu dukani. Tangu siku hiyo alama zikapungua. Kufika mwezi uliofuata zilikuwa hazipo kabisa. Fundi akafurahi, akajua ndala mpya zimefanya kazi.

Mambo mengine nayo yalikuwepo, kama angetaka kuyaona. Mkewe alikuwa ameacha kupokea nguo nyeusi, alisema zinamchosha. Uzi alikuwa anamwomba mteja yeyote aliyekaa karibu amtungie. Chai aliimimina kwa kuweka ncha ya kidole ndani ya kikombe. Na kila mwezi, siku moja, alikuwa anavaa vizuri asubuhi na kusema anakwenda mjini kununua uzi, anarudi mchana amechoka, na uzi wenyewe ni kibunda kimoja. Fundi alimtania kwamba uzi huo unasokotwa kwanza ndiyo anapewa.

Aliyeanguka ni mke, na aliyeona ni mume, na hilo ndilo lililomkalia rohoni kuliko yote. Ilikuwa Jumatano. Mvua ilimrudisha kutoka kwenye kazi ya nje, akawa amekaa mezani sebuleni anasubiri chakula. Mkewe alitoka chumbani akaelekea jikoni, amebeba sinia la vyombo vya asubuhi. Saa sita mchana, taa imewashwa kwa sababu ya mawingu. Alitembea hadi mlangoni, mguu wake ukaenda mbele, bapa, kama wa mtu anayejua sakafu inaendelea. Haikuwa inaendelea. Fundi aliuona ule mguu ukining'inia hewani kwa kitambo kidogo mno, na akajua, kabla hata vyombo havijalia, kwamba mkewe hakuwa amekisahau kile kidaraja. Hakuwa amekiona.

Nyonga ilivunjika.

Hospitalini walipokelewa na daktari mmoja mwanamke, kijana, mwenye sauti ya upole na kalamu iliyokuwa ikimgomea. Aliandika, akaitikisa, akaandika tena.

"Shikamoo mzee. Mama anatumia dawa yoyote?"

"Marahaba. Hapana, hana ugonjwa. Mzima kabisa huyu."

"Natumia," mkewe akasema kutoka kitandani. Macho yake yalikuwa yamefumbwa kwa maumivu. "Iko kwenye mkoba. Mfuko wa ndani."

Fundi akafungua mkoba mwenyewe. Ndani kulikuwa na kichupa kidogo cha dawa ya matone na kadi iliyokunjwa mara nne, imelegea kwa kufunguliwa. Daktari akaikunjua. Mihuri ilianzia juu ikashuka hadi chini, ikageuka nyuma. Miaka miwili na nusu, kila mwezi, bila kukosa.

"Presha ya macho," daktari akasema. "Mzee, ulikuwa unajua?"

Fundi alitikisa kichwa. Alikuwa ameshika mkoba wazi kama mtu aliyekutwa akiiba.

Daktari akamweleza kwa subira. Ugonjwa huu hauumi. Unakula kuona kutoka pembeni, taratibu, mpaka mtu anakuwa kama anachungulia kwenye bomba. Dawa inaupunguza mwendo, lakini kilichokwisha kuliwa hakirudi. Na hata kile kidogo kinachobaki kinafifia, vitu vyenye rangi zinazokaribiana vinaingiana, mtu hajui hiki kimeisha wapi na kile kimeanza wapi. Ndiyo maana huwa wanawashauri watu wapake milango rangi tofauti na kuta, na ngazi waziwekee rangi kali.

"Nyumbani kwenu kukoje, mzee? Sakafu na kuta vinatofautiana?"

Mtu aliyeihubiri rangi ya nyumba ile mji mzima, juu ya ngazi na chini ya ngazi, aliufunga mkoba, akaufungua tena. Mkewe ndiye aliyejibu, macho yakiwa bado yamefumbwa.

"Nyumba yetu nzuri sana, daktari. Mume wangu ndiye fundi."

Hakukuwa na kejeli ndani yake. Fundi aliitafuta, maana kejeli angeiweza, angejitetea. Hakuipata.

Walimpasua kesho yake, wakamwekea chuma. Siku ya tatu aliweza kuegemea mto, na mumewe akavuta stuli karibu. Alikuwa hajanyoa, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kucha zake hazikuwa na rangi.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza.

"Nilikuambia."

"Uliniambia bluu. Hukuniambia macho."

Mkewe akapapasa pindo la shuka kama anayetafuta mshono.

"Nilikuwa naanzia kwenye bluu," akasema. "Nilijiambia, nikianza na bluu ataniuliza kwa nini. Nikimwambia kwa nini, ataniuliza una nini. Hapo ningefika kwenye macho. Uliuliza kwa nini. Ila ulicheka."

Fundi akainamisha kichwa.

"Na mimi nina kosa langu," mkewe akaendelea. "Niliogopa. Fundi cherehani asiyeona, nani atamletea kitambaa? Nikasema nitajikaza, nitaizoea nyumba. Na ile ya zamani nilikuwa nimeizoea, sakafu nyekundu, milango ya kahawia, nilikuwa naiona vizuri tu. Halafu ukaipaka."

"Na zile alama za vidole..."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nazifuta."

"Nilikuwa nakusikia ukizifuta."

Kwenye kitanda cha jirani mgonjwa alikohoa, muuguzi akapita na toroli lenye magurudumu yanayolia. Fundi alitaka kusema nisamehe, na alilisema, lakini toroli lilikuwa linapita na hakuwa na hakika kama limesikika. Hakulirudia. Yeye, mtu wa kurudia kila kitu.

Alipotoka hospitalini, mama hakurudi nyumbani. Binti yao mkubwa, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alikuja na gari la kukodi na godoro.

"Baba, mama anakuja kwangu. Kwangu hakuna ngazi hata moja, na nipo karibu."

"Kwa muda," fundi akasema.

"Kwa muda, baba."

Alisema kwa heshima, na hakumlaumu hata kwa jicho. Fundi angependelea alaumiwe.

Akarudi kwenye nyumba yake ya wingu, peke yake. Siku mbili alikaa tu, ameshika tama. Siku ya tatu akachukua kapu la mkewe, akatafuta mpaka akapata kipande cha sketi ya sare, bluu iliyokoza, kikubwa kama kiganja, akaenda nacho dukani. Muuza rangi alimfahamu tangu ujana.

"Mikono Miwili! Leo bluu? Nani huyo kakushinda?"

Fundi akaweka kitambaa juu ya kaunta. "Iwe hii hii. Isizidi, isipungue."

Muuza rangi akaona uso wake, akaacha utani.

Alisimamisha kazi zote za watu. Alianza kupiga msasa. Nyuma ya mlango wa jikoni, mahali ambapo mlango ukifunguliwa unafunika ukuta, kitambaa chake cha Jumapili hakikuwahi kufika. Hapo zilikuwepo alama nne, vidole vinne vya mkono wa kushoto, vimekaa vizuri kama vimepigwa muhuri. Alisimama mbele yake na msasa mkononi, asubuhi yote. Aliwaza aziache. Kisha akaona zikibaki hazimsaidii mtu yeyote, isipokuwa yeye tu, apate kitu cha kulilia. Akazipiga msasa, akapaka.

Bluu ikala mwanga, kama alivyosema. Sebule ikawa ndogo. Lakini fremu nyeupe zilisimama wima kila upande, na kidaraja kilikuwa chekundu cha kuwaka, na ukisimama popote ulijua mlango uko wapi. Kazi ilikuwa safi. Alijua ni safi, na haikumpa furaha hata ya kijiko.

Mwezi wa nne tangu aanguke, mkewe akaletwa kuiona. Alikuja na mkongojo wa chuma, binti yake akiwa nyuma. Alisimama mlangoni, akageuza kichwa pole pole, huku na huku, kama mtu anayesikiliza.

"Ni bluu?"

"Ni bluu."

"Ya sare?"

"Ya sare yenyewe. Nilichukua kitambaa kwenye kapu lako."

Akaingia. Akaelekea jikoni bila kushikwa. "Ule mlango ule pale," akasema. "Mweupe. Kama shuka limeanikwa." Fundi akamtazama binti yake, akatabasamu. Kisha mkewe akafika mlangoni, akasimama, akainamisha kichwa, akakitafuta kidaraja. Alikitafuta kwa macho, halafu kwa ncha ya chuma chake. Chuma kikagonga ukingo, tik.

"Bado ni chekundu?"

"Nimekipaka upya. Chekundu sana."

"Mimi naona giza tu hapo chini."

Binti akageukia dirishani. Fundi akasimama na mikono yake miwili ikining'inia.

"Miezi hii imekwenda haraka," mkewe akasema, bila kumwambia mtu fulani. "Ingekuwa wakati ule..." Hakumalizia. Akageuka, akapapasa ukuta mpya kwa kiganja chote, kwa nguvu, bila kuogopa. "Umelainisha vizuri. Hauna hata chembe."

"Utarudi?" akamuuliza.

Safari hii alikuwa ameuliza mara moja tu, akanyamaza, akasubiri.

"Kule nimeshazihesabu hatua," akasema. "Kitanda hadi mlango, saba. Mlango hadi bafu, kumi na moja. Nikirudi hapa nianze upya, na hesabu hii mpya nitaianza na macho gani? Nyumba ni nzuri, baba watoto. Imechelewa tu."

Alisema hivyo kama anavyosema mambo yake yote, akaliacha palepale. Fundi akaliona, akalichukua.

Baada ya miezi miwili akafunga mlango wa nyumba ya bluu, akaipangisha kwa wapangaji wawili waliooana juzi, akahamia kwa binti yake na sanduku moja na cherehani. Cherehani ikawekwa chini ya dirisha la huko, ingawa mkewe alikuwa anashona vitu vya kunyooka tu sasa, pindo za shuka na vitambaa vya meza, kwa kufuata kidole. Kazi za rangi fundi alizipunguza. Watu waliendelea kumwita kuamua kijivu au bluu, na wengi walisema amebadilika, siku hizi anauliza sana na haamui.

Kadi ya kliniki sasa anaibeba yeye. Kila mwezi wanakaa pamoja kwenye benchi refu, wanasubiri kuitwa, naye anasoma kwa sauti ndogo kila kilichobandikwa ukutani ili mkewe asichoke. Matone nayo anamtilia yeye, asubuhi na jioni. Mkono uliopiga mstari wa dari kwa miaka zaidi ya thelathini bila kutumia rula, ukiwa na kichupa kile unatetemeka. Wiki za mwanzo matone yalikuwa yanaangukia popote, kwenye nyusi, kwenye pua. Asubuhi moja tone likakosa jicho kabisa, likashuka hadi kidevuni.

"Fundi," mkewe akamwambia, uso ukiwa umeinuliwa, macho wazi, "jicho liko juu zaidi. Hapo unapaka shavu."

Wakacheka wote wawili. Fundi akatia tone la pili, likaingia, akamfuta uso kwa kona ya leso. Kisha akatoka nje, akasimama nyuma ya nyumba, mpaka binti yake alipomwita ndani kunywa chai.